Sufuria Kubwa ni ya Nani?

Mkuu wa chuo, walimu, na ninyi wanafunzi wa mapishi ambao nasikia mmezuiwa kula mpaka nimalize: nitajitahidi. (Kicheko.)

Nimeombwa nieleze kwa nini jikoni ni kwa mwanamke. Hapa pwani hakujawahi kuwa kwake peke yake. Nendeni Forodhani, Unguja, baada ya magharibi: wachoma mishkaki, wakaangaji wa zanzibar piza na wakamua miwa wengi wao ni wanaume. Chipsi mayai mtaani anakaanga kijana wa kiume. Jahazi nalo lilikuwa na mpishi wake, baharia kama wenzake. Hakuna aliyewaambia hawa kwamba wamelishwa limbwata. Limbwata linatajwa siku mchoma mishkaki huyo huyo anapoonekana anasonga ugali nyumbani kwake, mke kakaa.

Mpaka unapita hapo. Penye ujira au sifa, mwanamume anapika bila aibu. Upishi wa asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima, bila malipo, huo tunasema ni wajibu wa mama.

Chukueni pilau ya harusi. Tangu alfajiri wanawake wako uani wanachambua mchele, wanamenya vitunguu, wanatwanga thomu na tangawizi. Kisha anafika mpishi wa shughuli. Anakagua kuni, anasogeza mafiga, anabandika sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Anakaanga vitunguu hadi vikolee rangi, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Anatia viungo, nyama, supu, halafu mchele. Maji yakikaribia kukauka anapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Ujuzi ule ni wa kweli, siudharau. Wali wa watu mia tatu kuiva pamoja bila kuvurugika si mchezo. Lakini wageni wakishiba wakauliza nani kapika, linatajwa jina moja, na bahasha inakwenda huko huko. Waliomenya vitunguu wanaachiwa ukoko. (Kicheko.)

Huwa naambiwa sufuria ile inataka nguvu. Sawa. Na ndoo ya lita 20 kichwani inabebwa na nani?

Historia nayo inatusuta. Enzi za ukoloni, mpishi wa mzungu Nairobi, Tanga au Dar es Salaam alikuwa mwanamume karibu siku zote. Kodi ilidaiwa kwa fedha, ajira za fedha wakapewa wanaume, na watawala hawakupenda kumwona mjini mwanamke wa Kiafrika asiye na mume. Kijana ambaye kwao hakuwahi kushika mwiko akafundishwa kuoka mkate na kutengeneza pudini, akavaa kanzu nyeupe, akawa fundi. Akirudi kijijini likizo, alikaa barazani akisubiri kutengewa.

Wanawake walipoingia kwa wingi kwenye biashara ya chakula, dhiki ndiyo iliyowasukuma. Miaka ya 1980 mshahara wa mume ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, basi mama akatoka na masufuria yake akakaa nje ya kiwanda. Tanzania ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na watu wengi wa biashara ndogondogo mijini wakajikuta wanasakwa kama wazururaji. Mama ntilie hawakuondoka. Leo wanatajwa majukwaani, mama lishe na baba lishe.

Ila angalieni anachouza mama ntilie. Wali maharage, ugali dagaa: chakula ambacho mteja anahisi kwao angekula bure, kwa hiyo bei ikipanda kidogo tu anaona ameonewa. "Mama, niongezee mchuzi." Anaongezewa, na halipi. Jaribuni kumwambia kijana wa chipsi awaongezee chipsi bure muone atakavyowatazama. Kile tunachomdai mama nyumbani tunamfuata nacho mpaka kibandani, na kinakula faida yake.

Mkakati wa nishati safi uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono, moshi umewaharibia mama zetu macho na vifua. Ila zamu ya kupika haijabadilishwa na mtungi wa gesi. Wako waume wanaosema sasa kuna gesi, chakula kinacheleweshwa na nini?

Nije kwenu. Mkienda mazoezini hotelini, someni ratiba. Mara nyingi msichana anapangiwa saladi, keki na kifungua kinywa. Mvulana anapewa nyama, moto na zamu ya usiku, na mpishi mkuu wa kesho anatafutwa kwenye moto. Ukiuliza, unaambiwa usafiri wa usiku ni shida kwa wasichana. Basi hoteli iwalipie usafiri. Walimu, kabla hamjasaini fomu za mazoezi, ulizeni kila mwanafunzi atakaa jiko lipi na kwa wiki ngapi, na iandikwe.

Sasa maswali. Wavulana wa safu ya nyuma, mliocheka nilipotaja ugali, tunaanza na ninyi.