Nani Anaweza Kufuta?

Mlionisikia siku nyingine hapa Nakuru mnajua naanzia wapi. Vumilieni. Naanza na mpwa wangu.

Desemba moja alikuja kwetu likizo kutoka Kisumu, na laptopu yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilimpa siku ya kwanza: paswadi ya waifai, na folda ya familia kwenye ile seva yangu, kompyuta inayotunza mafaili ya nyumba nzima, iliyo juu ya kabati la vyombo. Folda ilikuwa 777, yaani ruhusa zote kwa watu wote, hata folda zilizomo ndani yake: mwenye kuja na aje. Kijana akataka kuweka filamu zake, akaambiwa nafasi imejaa. Akaona folda nono, imeandikwa "Mama", akadhani ni nakala tu. Kompyuta ikamuuliza kama kweli afute kabisa. Akabonyeza ndiyo, akaenda kunywa chai.

Zilikuwa picha za mama yangu, za miaka yake ya mwisho.

Naona mtu huko nyuma anataka kusema, si ungeangalia kwenye pipa la taka? Jaribu kwako leo. Ukifuta kitu kilicho kwenye seva, hakipiti kwenye pipa la Windows la laptopu yako. Seva nyingi zina pipa lake, lakini uliwashe kabla ya msiba.

Sasa linaloniuma ni hili. Picha zenyewe nilikuwa nimezifunga, 644. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ya kikundi, ya tatu ya wengine wote. 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 kwa folda ni kuingia. Jumlisha upate 7, ruhusa zote. 644 basi ni mimi kusoma na kuandika, wengine wote kusoma tu. Kwa hiyo kijana hangeweza kubadilisha hata picha moja! Lakini kwenye Linux, mfumo wa uendeshaji ambao ndio umo ndani ya nyingi ya seva hizi, ruhusa ya kufuta faili haikai kwenye faili. Inakaa kwenye folda iliyolibeba. Nilifunika kila sufuria vizuri, mlango wa jikoni nikauacha wazi. Mwizi hana shida ya kufunua. Anabeba na sufuria yake.

Nyote mnaniuliza nani anaweza kuona. Hakuna anayeniuliza nani anaweza kufuta.

Juzi mama mmoja akanijia juu: sisi ni familia, tufungiane nini? Mama, hati ya shamba umeiweka wapi? Chini ya godoro. Na watoto si ni wako?

Basi, mfanye hivi. Kila mtu jina lake na paswadi yake, hata mtoto. Tengeneza kikundi cha familia. Folda ya kuchangia iwe 2770. Hiyo 2 ya mbele hufanya kila kinachoundwa humo kirithi kikundi, la sivyo mkeo ataweka faili na wewe ushindwe kulihariri. Folda ya picha, 750: wewe uandike, wao watazame. Mgeni apewe folda yake ndogo, ajaze filamu humo mpaka achoke.

Na kumbukeni milango ni miwili, ruhusa za Samba, ile programu ya seva inayozifungulia laptopu zenu folda, na ruhusa za diski, zile za tarakimu. Mkali kati ya hiyo miwili ndiye anayeshinda, kwa hiyo ukifungua mmoja tu utanipigia simu usiku. Windows nayo haikubali majina mawili kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Toka kwanza, ndipo uingie kwa jina jingine.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya nakala za papo kwa papo, na virusi vya kufunga mafaili, vinavyofika popote jina lako linapoweza kuandika. Siku nyingine. Ila toleo la kwanza la SMB, ile lugha ambayo laptopu na seva hupeana mafaili, lizimeni leo hii. WannaCry, kirusi kimoja cha aina hiyo ya kufunga mafaili, kilipita hapo mwaka 2017.

Na picha? Dada yangu alikuwa na flashi moja, picha arobaini hivi. Haya, mwenye laptopu aifungue, tuanze na folda ya mgeni.