Mnaouliza Mbona Nafunga Choo cha Besimenti Mwenyewe

Haya jamani, kila nikiweka video swali ni lile lile: "Kaka, uko ughaibuni halafu unafunga choo mwenyewe, mafundi wameisha huko?" Mafundi wapo tele, bei zao ndizo zinanishinda. Nikisema hivyo nalalamika, nikinyamaza naringia besimenti, yaani hiki chumba cha chini ya nyumba. Basi semeni tu.

Flanji yenyewe, ile pete ngumu inayounganisha choo na bomba la maji taka sakafuni, si kazi kubwa. Kilichonitesa ni kibali. Fomu ilirudishwa eti mchoro hauonyeshi bomba la kupitisha hewa ya mabomba ya maji taka, na ada ukishalipa ndiyo imekwenda. Ila kwenye ukaguzi siwapingi: mkaguzi lazima alione bomba kabla zege halijalifunika. Baadaye utamwonyesha nini?

Sasa, wengi mnataka flanji ikae juu ya zege, vigae vije kuizunguka. Mimi sikubali. Ikae juu ya sakafu iliyokwisha, vigae vikiwemo. Ikizama, ile pete ya nta inayoziba kati ya choo na flanji haibanwi sawasawa, choo kinavuja kimyakimya na wewe unalaumu bomba. Ijaribu kwanza bila gundi, uhakikishe matundu ya bolti yanakaa kulia na kushoto, sambamba na ukuta wa nyuma, kisha weka alama. Gundi ya bomba la plastiki ya PVC inashika kwa sekunde chache, ukishachelewa huizungushi tena. Na bomba la ABS, plastiki ya aina nyingine, lina gundi yake, msichanganye.

Halafu kuna wanaoridhika na gundi peke yake. Choo kitawachezea! Toboa zege kwa drili ya nyundo, toa vumbi lote kwenye matundu, funga skrubu za zege zisizoshika kutu. Sakafu ikiwa na mabomba ya kupasha joto ndani, usiguse drili kabla hujajua yamepita wapi.

Na wewe binamu unayeandika "hela ya choo unayo, ya kututumia huna," nimekuona. Chumba hiki ni cha kupangisha, kodi yake inasaidia kulipa mkopo wa nyumba. Tuendelee.

Bolti za choo kaza kidogokidogo, huku na huku. Kikiyumba weka kabari, usilazimishe spana, kauri itapasuka. Haya ni yangu mimi, na bomba langu ni la plastiki. Mwenye bomba la chuma asinifuate, amwite fundi aliyelizoea.