Ameacha Sigara, Bima Bado Yamhesabu Mvutaji

NJERI: Karibuni tena. Leo tunakaa na swali moja tu, lile la fomu ya bima ya afya unapojikatia mwenyewe: "Je, umetumia tumbaku au bidhaa yoyote yenye nikotini katika miezi 12 iliyopita?" Salim, wewe una mtu wako aliyekwama hapo.

SALIM: Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Amevuta tangu ujana wake, na sasa ameacha kabisa. Anatumia chingamu ya nikotini aliyoandikiwa na daktari, anainunua kwa kemisti hapa Ngong Road, Nairobi. Alipokuwa kazini hakuna aliyemuuliza habari za sigara, kwa sababu bima ilikuwa ya kampuni nzima. Kazi ikaisha, kadi ikafa, akaanza kutafuta bima yake binafsi. Fomu akaijaza kwa ukweli, mkojo ukapimwa, barua ikarudi: wewe ni mvutaji, utalipa kiwango cha mvutaji.

NJERI: Pole yake. Hiyo inauma.

SALIM: Inauma sana, dada. Wewe hujamwona mtu huyu asubuhi. Zamani hakuwa anafungua mlango kabla ya kuwasha moja. Sasa anakunywa chai yake, anangoja kama robo saa kwa sababu daktari alimwambia chingamu haifanyi kazi vizuri mdomo ukiwa na chai au kahawa, kisha anaanza. Anaitafuna polepole mpaka mdomo uanze kuwasha, anaisukuma kati ya shavu na ufizi, anaiacha hapo. Ikipoa anatafuna tena. Nusu saa anahangaika na kitu kisicho na utamu wowote, ili asirudi kule. Halafu anaambiwa hakuna kilichobadilika.

NJERI: Anatumia ile ya miligramu 2 au 4?

SALIM: Alianza na 4. Hiyo hupewa mtu anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Sasa ameshuka hadi 2.

NJERI: Basi tueleze wasikilizaji kile kipimo cha mkojo kinatafuta nini.

SALIM: Kinatafuta kotinini. Nikotini ikiingia mwilini, ini huivunja na kutoa kotinini, na hii hukawia. Inachukua kama saa 16 hadi 20 kupungua kwa nusu, ndiyo maana inaonekana hata siku kadhaa baadaye. Sasa, nikotini itoke kwenye sigara, kwenye kibandiko cha ngozi, kwenye chingamu, kotinini yake ni ileile. Maabara haiwezi kumwambia mtu wa bima imetoka wapi. Yeye anaona "chanya" na anaandika mvutaji.

NJERI: Na kinachojaza wodi za saratani na za moyo kwa sehemu kubwa ni moshi.

SALIM: Ni moshi. Lami, kaboni monoksaidi, na maelfu ya kemikali zinazotokana na kuchoma lile jani. Nikotini ndiyo inayokufunga usiache. Inapandisha mapigo ya moyo na presha, haifai kwa mama mjamzito, haifai kwa vijana ambao ubongo wao bado unakua. Sisemi ni maji. Lakini Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na vibandiko vya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Kwa hiyo shemeji yangu anatozwa zaidi kwa kutumia dawa iliyo kwenye orodha hiyo, kwa kazi ileile iliyowekewa.

NJERI: Ngoja niwatetee watu wa bima kidogo, kwa sababu nimekaa nao. Wanajua wengi wanaoacha hurudi, hasa ndani ya mwaka wa kwanza. Wanajua pia kuna anayetafuna chingamu ofisini na kuvuta jioni akiwa na marafiki. Hiyo miezi 12 haikutoka hewani. Hata Uingereza, kampuni nyingi za bima ya maisha hazikuiti asiyevuta mpaka umalize miezi 12 bila nikotini ya aina yoyote, kibandiko kikiwemo.

SALIM: Miezi 12 naikubali. Hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua karibu nusu baada ya mwaka mmoja bila sigara, kwa hiyo hesabu hiyo ina msingi. Ninachokataa ni saa kuanza kuhesabu siku ya chingamu ya mwisho badala ya sigara ya mwisho. Matokeo yake ni nini? Mtu anaambiwa aache dawa mapema ili apate bei nafuu. Na akiiacha kabla hajawa tayari, anarudi kwenye sigara. Hapo bima yenyewe inapata hasara.

NJERI: Sasa wapime nini?

SALIM: Kuna kemikali inaitwa anabasini. Imo kwenye jani la tumbaku, na haimo kwenye chingamu wala kibandiko cha dawa. Ukimpima mtu wa chingamu utakuta kotinini iko, anabasini haipo. Kuna pia kupuliza kwenye mashine inayosoma kaboni monoksaidi, ila hiyo hutoka mwilini haraka, mtu akijizuia siku moja anapita. Kwa hiyo mimi ningeomba anabasini.

NJERI: Na vile vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, vya kuweka chini ya mdomo? Maana kuna msikilizaji atasema, "Mimi pia niliacha sigara kwa hivyo, nami nihesabiwe." Vingine nikotini yake haitokani hata na jani lenyewe.

SALIM: Hapo siko tayari kusimama naye moja kwa moja.

NJERI: Hata mimi. Mnakumbuka Lyft, chapa ya vifuko hivyo? Ilisajiliwa na bodi ya dawa hapa Kenya, na mwaka 2020 Mutahi Kagwe, waziri wa afya wakati huo, akasema usajili ule haukufuata sheria, bidhaa kama hiyo iangaliwe chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Nimeona watoto wa sekondari wanavyo, watoto ambao hawajawahi kuvuta. Siwezi kuviita dawa. Lakini mtu mzima aliyetoka pakiti nzima kwa siku akahamia huko, amepunguza hatari, na fomu ingekuwa na nafasi ya kulisema hilo.

SALIM: Na serikali yenyewe imeshatenganisha. Sheria ya Fedha ya 2021 ilipoweka ushuru kwa bidhaa za nikotini zisizochomwa, iliacha nje dawa zilizoidhinishwa na waziri wa afya. Kama mtoza ushuru anaweza kuona tofauti hiyo, kampuni ya bima itashindwaje?

NJERI: Wamarekani je?

SALIM: Kule sheria ya afya ya 2010 inaruhusu bima ya mtu binafsi kumtoza mtumiaji wa tumbaku hadi asilimia 50 zaidi. Lakini kanuni zinasema ni nani huyo: anayetumia tumbaku mara nne au zaidi kwa wiki, ndani ya miezi sita iliyopita. Na bima za kazini zinazotoza zaidi kwa sigara lazima zikupe njia nyingine, kama kujiunga na mafunzo ya kuacha, uondolewe hiyo nyongeza. Asilimia 50 ni kubwa mno kwangu, ila angalau maana imeandikwa.

NJERI: Huku kwetu, kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, hilo halikuhusu. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, uvute usivute. Kelele zote hizi ni za bima binafsi. Sasa tuje kwa lile ambalo maajenti wengine wanawanong'onezea watu: "Weka hapana, nani atajua?"

SALIM: Tafadhali, usiweke hapana! Shemeji aliambiwa hivyo hivyo. Faili lako la hospitali limeandikwa "alivuta pakiti moja kwa siku". Siku ukilazwa na bili ikafika laki kadhaa, kampuni itaomba lile faili. Wakikuta ulificha, wana haki ya kukataa dai, na familia ndiyo itabaki kwenye kaunta ya malipo.

NJERI: Basi aandike nini?

SALIM: Aandike ndiyo, kisha aongeze pembeni au kwenye karatasi tofauti: tarehe ya sigara ya mwisho, jina la dawa, miligramu ngapi, daktari aliyemwandikia. Aambatishe barua ya daktari na risiti za kemisti. Aulize kwa maandishi: mkiniweka daraja la mvutaji leo, mtanipima upya lini, na kwa kipimo gani? Jibu la simu lisimtoshe, aombe barua pepe.

NJERI: Wakikataa kujibu?

SALIM: Kwanza malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, halafu IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Shemeji barua ya kwanza ameshapeleka Upper Hill kwa mkono wake, na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bima inahuishwa baada ya mwaka, kwa hiyo ana muda wa kukusanya karatasi zake.

NJERI: Nanyi mnaotusikiliza, kama mna fomu nyumbani, tupigieni picha lile swali la nikotini mtutumie. Jina na nambari ya kitambulisho vizibeni kwanza. Tunataka kuona ni kampuni ngapi zinauliza kuhusu sigara, na ni ngapi zinauliza nikotini kwa jumla, kisha tuwaite watu wa bima hapa studio watujibu wenyewe.