Kambakoche, Shayiri na Meli Iliyokwama

ZUHURA: Haya wapenzi wasikilizaji, tumerudi. Mimi Zuhura, na huyu Mbaraka kaja na mazungumzo ya kambakoche huku anajua fika nimefunga.

MBARAKA: Unisamehe dada. Wangu wa mbali, Australia Magharibi. Kabla ya 2020, wengi mno waliovuliwa kule walipandishwa ndege wakiwa hai kwenda China. Novemba 2020 forodha ya China ikaanza kuwachelewesha. Na kambakoche si saruji, useme ataningoja stoo.

ZUHURA: Hangoji huyo!

MBARAKA: Basi biashara ikalala. Msimu wa Krismasi wavuvi wakaruhusiwa kuuzia wenyeji moja kwa moja kutoka kwenye boti.

ZUHURA: Ngoja kwanza. China na Australia walikosana nini?

MBARAKA: Ugomvi ulikuwa unatokota. 2018 Australia iliizuia Huawei, kampuni ya simu ya China, kwenye mitambo ya 5G, yaani mtandao mpya wa simu. Aprili 2020 ikataka uchunguzi huru wa chanzo cha korona, Beijing ikachukia. Mwezi uliofuata shayiri ya Australia ikabandikwa ushuru wa asilimia 80.5. Mvinyo nao ukafuata, mwingine ukapigwa zaidi ya asilimia 200. Ukiuliza sababu, unaambiwa Waaustralia wanauza kwa bei ya kutupa.

ZUHURA: Hiyo ya kwenye karatasi. Maana Novemba hiyo hiyo ubalozi wa China Canberra uliwapa waandishi orodha ya malalamiko 14, na Huawei imo.

MBARAKA: Imo. Sasa sikia ya makaa ya mawe. Meli inaitwa Jag Anand, ina mabaharia 23 wa Kihindi, imebeba makaa ya Australia. Ilifika karibu na bandari ya Jingtang, China, Juni 2020. Haipakuliwi, na watu hawaruhusiwi kushuka. Ilikaa hapo hadi Januari, ndipo ikaelekea Japani kubadilisha mabaharia.

ZUHURA: Miezi saba mtu anaitazama nchi kavu! Babu yangu alikuwa baharia, alisema bahari haichoshi, kinachochosha ni nanga.

MBARAKA: Na ugomvi wenyewe si wao. Lakini dada, kuna kitu China haikukigusa hata kwa ncha ya kidole: mawe ya chuma ya Pilbara, huko huko Australia Magharibi, yanayopakiwa bandari ya Port Hedland. China inatengeneza zaidi ya nusu ya chuma cha pua na cha kawaida duniani, na Brazil, muuzaji mwingine wa mawe hayo, peke yake isingeweza kuilisha. 2021 bei ya mawe hayo ikapita dola 200 kwa tani.

ZUHURA: Kama mtu aliyenuna, hamsalimii mwenye duka, ila kila asubuhi anamtuma mtoto akanunue sukari pale pale.

MBARAKA: Ndiyo hivyo! Ndiyo maana mimi huwa siulizi nani mkubwa, nauliza bidhaa gani. Shayiri iligeuza njia: ikaenda Saudia, nyingine Mexico kutengenezea bia. Makaa yakapata wateja India. Mvinyo ndio uliozama, wakulima wa Riverland, Australia Kusini, wakabaki na zabibu zisizo na bei.

ZUHURA: Mwishowe nani alilegea?

MBARAKA: 2022 akaingia Albanese, waziri mkuu mpya wa Australia, maneno makali yakapungua. Kesi ya shayiri ambayo Australia iliifungua WTO, shirika la biashara duniani, ikasimamishwa, na Agosti 2023 ushuru ukaondolewa. Novemba akaenda Beijing. Mvinyo ukafunguliwa Machi 2024, kambakoche Desemba. Lakini Huawei bado imefungiwa, na mpango wa nyambizi na Marekani na Uingereza haukuguswa. Tena katikati ya yote hayo wakaanzisha mkataba wa biashara na India.

ZUHURA: Na wale wa zabibu?

MBARAKA: Soko limefunguliwa, ila wengine walishang'oa mizabibu. Na Wachina wenyewe siku hizi hawanywi mvinyo kama zamani. Kambakoche ndiye aliyerudi kwa kishindo, wa kuchemsha, na siagi...

ZUHURA: Mbaraka! Magharibi bado saa nzima.