Bega Limerudi, Je, Pumzi Ipo?

SISTA: Karibuni tena. Leo ni dawa za kutuliza mgonjwa pale dharura. Dokta, tuanze na kijana wa bodaboda: kaanguka, bega limeteguka, kelele zake zinasikika mpaka getini.

DOKTA: Na ndugu zake wako mlangoni wanataka bega lirudishwe sasa hivi. Basi tunampa mofini ya maumivu, tunaongeza midazolamu ya usingizi, tunavuta, bega linaingia, sote tunashusha pumzi. Asiyepumua ni yeye.

SISTA: Hilo nimeliona! Wakati wa kuvuta alikuwa anapumua vizuri tu.

DOKTA: Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamwamsha. Bega likirudi maumivu yanakatika, dawa bado imo mwilini na hakuna tena cha kumshtua. Hatari iko kwenye dakika zile za mwanzo, na ndizo hizo watu wanavua glavu waende kuandika faili.

SISTA: Kwa hiyo anayevuta mkono asiwe ndiye anayelinda usingizi. Mtu mmoja akae kichwani pa mgonjwa, aangalie kifua tu. Asitumwe hata bandeji.

DOKTA: Na zamu ikiwa na watu wawili?

SISTA: Subirini wa tatu.

DOKTA: Mkono usio na mapigo hausubiri, Sista.

SISTA: Huo sawa. Mingine isubiri.

DOKTA: Halafu tusidanganywe na oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki 98 kwa muda. Kapnografia, kipimo cha kaboni dioksidi kwenye hewa anayotoa mgonjwa, ingekwambia mapema, ila si kila hospitali inayo. Macho yako unayo.

SISTA: Ndiyo maana wengi tunakimbilia ketamini, dawa ya usingizi inayokata na maumivu.

DOKTA: Na mimi naipenda. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1985, na kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, presha haishuki. Lakini angalia kichupa: mililita 10, na mara nyingi kila mililita ina miligramu 50. Hiyo ni 500! Mtu wa kilo 60, kwa miligramu 1 kwa kilo, anahitaji 60 tu, yaani mililita 1.2.

SISTA: Kwa hiyo unavuta, unazimua, unaandika jina na kipimo kwenye bomba la sindano. Mabomba mawili meupe yasiyo na lebo kwenye trei moja, mimi namwaga yote.

DOKTA: Na uisukume polepole, kama dakika nzima. Ukiiharakisha, pumzi inaweza kukatika. Mara chache koo nalo hubana, kwa hiyo ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, na mashine ya kufyonza mate viwe pembeni, vimeshajaribiwa.

SISTA: Na yule anayerusha ngumi? Tunaitwa tumchome tu anyamaze.

DOKTA: Sukari kwanza. Halafu oksijeni, halafu mkague kichwa. Sukari ikiwa chini, ukimlaza na diazepamu, dawa ya kutuliza, umeuficha ugonjwa wenyewe. Kama hapimiki kabisa, mtulize, lakini kipimo kifuate papo hapo. Na asikandamizwe kifudifudi, hata na polisi.

SISTA: Tumrudie kijana wetu. Ameamka, anataka kwenda.

DOKTA: Aondoke akiwa anaongea na kutembea kama kawaida yake, na awe na mtu wa kumsindikiza. Pikipiki haendeshi leo.

SISTA: Atabisha.

DOKTA: Lazima abishe. Ufunguo mpe ndugu yake.