Tovuti ya Kikundi Ibaki Mikononi mwa Kikundi

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu mlioitwa hapa kwa kuwa mnajua kompyuta, habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuvisaidia vikundi vya muziki vipate tovuti: vile vya watu wanaopiga na kuimba kwa mapenzi yao tu, na ambavyo wanachama wake wengi wamekwisha kustaafu. Nitaanza na wasaidizi. Msaidizi huja na moyo mzuri, akajifungia na kompyuta yake, akarudi na tovuti inayong'aa. Kikundi kinapiga makofi. Baada ya mwaka, ukurasa wa mbele bado unatangaza onyesho lililokwisha pita, na kikundini hakuna anayejua pa kubonyeza ili aliondoe. Tovuti ya namna hiyo inadhuru. Mtu anayetafuta mahali pa kuimba anaifungua, anaona tarehe zilizopitwa, anadhani kikundi kimekufa, anakwenda zake.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, katibu mwenye miaka 75 anaweza kubadilisha saa ya mazoezi bila kumpigia mtu simu? Kama hawezi, kazi haijaisha, hata tovuti iwe nzuri namna gani.

Msianzie kwenye kompyuta. Ombeni kwanza daftari la kikundi: orodha ya nyimbo, kumbukumbu za mikutano, ratiba iliyobandikwa mlangoni. Kisha mwulizeni anayepokea simu za kikundi, watu huuliza nini? Mnafanya mazoezi lini, na wapi? Mnampokea asiyejua kusoma nota? Nije na chombo changu? Kuna ngazi za kupanda? Mnakubali mialiko ya harusi? Maswali hayo ndiyo kurasa zenu. Kurasa 4 au 5 zinatosha, na habari ya mazoezi ionekane kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya salamu za mwenyekiti. Mwenyekiti atanisamehe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nataka tulikalie kidogo. Anwani ya tovuti, lile jina watu wanaloliandika ili wawafikie, halinunuliwi likawa lenu milele. Linakodishwa, aghalabu kwa mwaka mmoja mmoja. Majina yanayoishia na .org au .com mnaweza kuyalipia hadi miaka 10 kwa mpigo. Lisipolipiwa linazimika, na muda wa kulikomboa ukipita, mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Wapo wanaoyavizia majina yaliyoachwa na kuyajaza matangazo ya kamari. Fikirieni jina la kwaya mliloimba nalo ujana wenu wote, mjukuu analifungua, anakutana na kamari.

Mara nyingi jina halipotei kwa kukosa pesa. Linapotea kwa sababu lilisajiliwa kwa barua pepe ya mtu mmoja. Mpwa wa mwanachama alilisajili, kisha akabadili kazi, na ukumbusho wa malipo unakwenda kwenye sanduku asilolifungua tena. Au aliyekuwa analisimamia amefariki, na nywila alikuwa nayo peke yake. Kikundi chenye wanachama wazee lazima kilizungumze hili waziwazi. Wasaidizi vijana hulionea haya, lakini wazee wenyewe wamekwisha kuandika wosia, na suala la nywila haliwatishi.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya yote fungueni barua pepe ya kikundi, isiyo ya mtu. Jina lisajiliwe kwa barua pepe hiyo na kwa jina la kikundi. Nywila zishikwe na watu wawili, na ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe kwenye bahasha, bahasha ikae pamoja na katiba na stakabadhi za mweka hazina. Najua mmeambiwa nywila haiandikwi popote. Mwizi wa mtandaoni aliye mbali hawezi kufungua kabati lenu, na hatari iliyo karibu zaidi nanyi ni kusahau. Huduma ikitaka namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu, chapisheni zile namba za akiba inazotoa, nazo ziingie kwenye bahasha. Na malipo ya jina yawe ajenda ya kudumu katika mkutano mkuu wa kila mwaka.

Kuhusu programu ya kujengea tovuti, sitapoteza muda mwingi. WordPress ipo tangu 2003, ni ya bure, na wanaoijua ni wengi. Lakini inadai kusasishwa mara kwa mara, na isiposasishwa huvamiwa. Kama hakuna wa kuifanyia kazi hiyo, lipieni huduma ambayo mwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, anasasisha mwenyewe. Heri tovuti ya kawaida isiyovunjika.

Macho sasa. Kadiri umri unavyosonga, lenzi ya jicho hugeuka manjano kidogo kidogo na mboni huwa ndogo, mwanga unaoingia unapungua. Maandishi ya kijivu kwenye weupe, ambayo wabunifu wanayapenda sana, kwa mzee ni kama hayapo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Toleo la 2.2, lililotoka 2023, limeongeza kwamba kitufe kisiwe chini ya pikseli (vile vidoti vinavyounda skrini) 24 kwa 24. Hicho ni kima cha chini, na mimi ningeanzia 44. Kidole kinachotetemeka kinahitaji nafasi, na ngozi iliyokauka mara nyingine skrini ya simu haiihisi vizuri, mtu anabonyeza mara tatu anadhani simu ni mbovu. Vivinjari huanza na herufi za pikseli 16. Nyie wekeni 18 au 20. Na muziki usianze kujipiga wenyewe ukurasa unapofunguka. Anayevaa kifaa cha kumsaidia kusikia atashtuka, na asiyeona anayesomewa na programu hatasikia neno.

Lakini muziki uwepo, maana hapo ndipo penye hazina. Kaseti zilianza 1963, na vikundi vya muda mrefu vina kanda kwenye masanduku, zinaoza. Zihamishieni kwenye kompyuta mapema. Rekodi ya ubora wa CD isiyobanwa huchukua karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. Hiyo ihifadhiwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Kwenye tovuti pandisheni MP3, yaani faili la sauti lililobanwa, ambalo kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua kama megabaiti 1 kwa dakika.

Picha nazo ni vivyo hivyo, na zinataka mtu wa kuketi nazo. Mpe mzee picha ya zamani ya kikundi, aishike mkononi. Atapitisha kidole kwenye mstari wa mbele akitaja majina, atasita kwa yule mwenye tarumbeta, ataigeuza aangalie mgongoni kama kuna maandishi ya penseli, atamwita mwenzake wabishane. Andika majina hapohapo, kwa mpangilio wa kutoka kushoto. Ukisema utarudi wiki ijayo, huenda yule aliyekumbuka asiwepo.

Kuna mipaka. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Kuwa na kitabu cha nota hakuwapi ruhusa ya kukipandisha mtandaoni, na wimbo ambao ulinzi wake umekwisha bado unaweza kuwa na rekodi ya wengine inayolindwa. Ulizeni chama cha hakimiliki cha nchi yenu. Na msiweke simu za nyumbani wala tarehe za kuzaliwa za wanachama. Matapeli wanawatafuta wazee hasa.

La mwisho ni kufundisha. Msaidizi, usishike kipanya. Kaa pembeni, mikono yako iwe mbali. Somo la kwanza ni moja tu, kubadilisha saa ya mazoezi. Katibu afanye mwenyewe, kisha aandike hatua kwenye daftari lake kwa maneno yake. Akiandika "bonyeza kikalamu cha bluu juu kulia", usimsahihishe. Siku nyingine aifanye tena kwa kufuata daftari hilo, wewe ukinyamaza. Mtu wa pili afundishwe na katibu, si na wewe. Wakikwama, hapo ndipo maelezo hayatoshi, na watayarekebisha wao wawili.

Nimemaliza yangu. Karibuni kwa maswali, na ningeomba tuanze na makatibu.