Mteja Anayefuata Atakugharimu Nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua muundo wa biashara unaoweza kupanuka, kwa kampuni changa ya teknolojia. Nitaanza na swali moja, na aliyekuja na kalamu naomba aliandike: mteja anayefuata atanigharimu nini? Mteja wa kwanza tumwache, huyo siku zote ni ghali. Namuulizia wa elfu moja na moja.

Nalitanguliza swali hili kwa sababu tumezoea kuchanganya kukua na kupanuka. Kampuni hukua mapato yake yanapoongezeka. Hupanuka pale mapato yanapoongezeka kwa kasi kuliko gharama. Ukiongeza wateja mara kumi, ukaajiri watu mara kumi na kununua magari mara kumi, umekua kweli, lakini hujapanuka. Wala si kosa. Ofisi za mawakili na za wahandisi zimeishi hivyo miaka nenda miaka rudi, na wenyewe wanaishi vizuri. Balaa huanza unapochukua mtaji wa mwekezaji anayesubiri upanuzi, na mkononi una biashara ya kukua tu. Hapo mtagombana, na mwenye haki katika ugomvi huo hatakuwa wewe.

Tuitazame WhatsApp. Facebook ilipotangaza kuinunua, Februari 2014, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi na wafanyakazi 55. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya watu milioni 8 kwa kila mfanyakazi. Mtumiaji mpya alipakua programu mwenyewe, akaja na namba yake ya simu na majina ya jamaa zake yote yaliyomo kwenye simu. Hakuna aliyetumwa kwenda kumfungia mtambo. Zaidi ya hapo, kuja kwake kuliwafaa waliotangulia, maana walipata mtu mwingine wa kumwandikia. Huo ndio upanuzi ulio safi kuliko wote ninaoujua.

Lakini msiuchukue mfano huo mzimamzima. Ada yake ilikuwa dola 1 kwa mwaka, na mwaka 2016 hata hiyo ikafutwa. Huduma ilikuwa imepanuka, njia ya kupata fedha haijapanuka. Ilimpata mnunuzi wa dola bilioni 19. Kumsubiri mnunuzi wa namna hiyo hakuwezi kuitwa mpango wa biashara, na nasikitika kila nikiona kijana mwenye akili nzuri akiuandika kuwa ndio mpango.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba tukae kidogo. Agosti 2017, kampuni ya MoviePass ya Marekani ilishusha ada yake hadi dola 9.95 kwa mwezi. Kwa ada hiyo mwanachama aliruhusiwa kutazama filamu moja kila siku katika majumba ya sinema. Tiketi ililipiwa na MoviePass, na kwa sehemu kubwa ililipiwa bei kamili. Kufikia katikati ya 2018 wanachama walikuwa wamezidi milioni 3. Ukiangalia mchoro wa wanachama peke yake, ungesema hawa wamefaulu. Kumbe kila mwanachama mpenzi wa filamu alikuwa akiichimba kampuni. Septemba 2019 huduma ikasimama, na Januari 2020 kampuni mama ikaomba kufilisiwa.

Tatizo halikuwa ada ya mwezi. Ada ya mwezi ni muundo mzuri sana pale ambapo kutumiwa zaidi hakukuongezei gharama kubwa. Tatizo ni kwamba mteja aliyeipenda huduma kuliko wote ndiye aliyewatia hasara kuliko wote. Kwa hiyo kila ninapoletewa mpango, huuliza: huyu mteja wako mwenye mapenzi, anayeingia asubuhi, mchana na usiku, anakunufaisha au anakukausha? Ukijibu kwamba anakukausha, basi biashara yako inamwombea mteja wake asije. Badili namna ya kutoza. Toza kwa kiasi kinachotumiwa, kama Amazon ilivyofanya na huduma zake za seva, yaani kompyuta za kukodi, tangu 2006: anayehifadhi zaidi analipa zaidi, nawe hulali ukihesabu nani ameamka mapema.

Swali hili limerudi kwa nguvu siku hizi kwa sababu ya akili mnemba (AI). Zamani tulifundishana kwamba programu ukishaiandika, nakala ya milioni inakaribia kuwa bure. Leo kila swali linaloulizwa kwa modeli kubwa, yaani programu ya akili mnemba inayotoa majibu, linakula umeme na muda wa mitambo, na bili inakuja. Aliyejenga huduma juu ya modeli ya mtu mwingine, akatoza ada moja isiyobadilika, amejiweka palepale ilipokuwa MoviePass, asipoweka kikomo cha matumizi.

Kuhusu kutoa bure na kutoza wachache nitasema machache tu. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilipoingia soko la hisa mwaka 2018 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 500 waliojiandikisha, na wanaolipa milioni 11. Hao ni kama 2 katika kila 100. Muundo huu hufanya kazi ikiwa yule wa bure anagharimu kidogo sana, na ikiwa anawaleta wengine. Dropbox iliwapa nafasi zaidi ya kuhifadhi wale waliowaalika wenzao, kisha baadaye ikahamisha sehemu kubwa ya mafaili kutoka seva za kukodi hadi za kwake, ili kupunguza gharama ya kila mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wa bure nao waandike daftarini.

Jambo linalowaponza wengi ni soko la mtandaoni, ambapo unawakutanisha muuzaji na mnunuzi ukachukua kamisheni. Linavutia kwa kuwa huna ghala wala bidhaa. Homejoy ilikutanisha wenye nyumba na wasafishaji, ikafungwa Julai 2015. Ilikuwa na kesi kuhusu hadhi ya wale wasafishaji, kama ni waajiriwa wake au la, lakini ilikuwa pia na ufa ndani ya muundo wenyewe: mwenye nyumba akishampata msafishaji mwaminifu, wanabadilishana namba, na wiki ijayo hawana haja nawe tena. Ulilipia matangazo kumpata mteja, ukachuma kamisheni mara moja. Linganisheni na Airbnb, inayowakutanisha wasafiri na wenye nyumba za kulala. Msafiri analala kwa mwenyeji huyu leo, safari ijayo analala kwa mwingine asiyemjua kabisa, kwa hiyo kila mara anahitaji mtu wa kati wa kumhakikishia. Pale ambapo imani hujengwa mara moja ikadumu, kamisheni haikai. Ukiwa na soko la aina hiyo, uza kitu kingine: ratiba, malipo, bima, hesabu.

Kisha tazama mtandao wako wa watumiaji unaishia wapi. Dereva wa Uber katika mji mmoja hamsaidii abiria wa mji mwingine, kwa hiyo kila mji ulikuwa vita mpya ya kupata madereva na abiria kwa pamoja. Kampuni hiyo ilianzishwa 2009, na faida ya uendeshaji ya mwaka mzima ikaja 2023.

Nimalizie na ugonjwa ninaouona zaidi, nao hauandikwi magazetini. Kampuni inatengeneza programu nzuri ya mishahara. Mteja mkubwa anakuja: nitanunua, lakini nibadilishieni hapa na hapa. Mnakubali, kwa sababu fedha inahitajika. Wa pili naye ana yake. Ukifika mteja wa kumi na mbili una programu kumi na mbili, na wahandisi wako wamekuwa mafundi wa kwenda nyumba kwa nyumba. Nimeona timu zenye vipaji zikichoka hivyo, na inauma. Kubali ombi litakalowafaa wateja wengi, liingie kwenye programu ya wote. La mmoja likatae, au litoze bei kamili ya muda wa watu wako, na mapato yake yaandikwe kando.

Sisemi msifanye kazi ya mkono mwanzoni. Mwaka 2009 waanzilishi wa Airbnb walikwenda New York kupiga picha nyumba za wenyeji wao, mlango kwa mlango. Walijifunza kwamba picha ndizo zilizokuwa zikiwaangusha, halafu kazi hiyo wakawapa wapiga picha wa kulipwa. Kwa hiyo chukueni karatasi, mchore safu tatu: mteja wa 10, wa 100, wa 1,000. Chini ya kila safu andikeni kila kazi ambayo bado inamhitaji mtu, na dakika zake. Waliokuja na hesabu hizo tayari, zileteni hapa mbele tuzipitie pamoja. Bado tuna muda.